Baada ya Dripu: Ketamini, Sonona na Wiki Inayofuata

Waandaaji wa mkutano huu, madaktari na wauguzi wenzangu, na zaidi ya wote ninyi mliokuja kwa sababu nyumbani kuna mtu mnayempenda na hamjui tena mumfanyie nini: asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie ketamini ya dripu kama tiba ya sonona. Habari zake zimeenea, na kila anayenifuata kuniuliza huja na swali lile lile: ni kweli mtu anaweza kuamka kesho yake mzigo umemtoka? Nalijibu sasa hivi ili tusizungushane. Ndiyo, kuna watu hutokewa na hilo, na si wachache. Lakini kwa walio wengi nafuu ya dripu moja haidumu, na hilo ndilo lililonileta hapa. Mgonjwa aliyeinuliwa haraka namna hiyo anahitaji watu wa kumshika katika siku zinazofuata pengine kuliko alivyowahitaji akiwa chini. Kuzipanga dakika 40 za dripu si kazi ngumu. Kazi iko siku ya nane.

Tuanze na dawa yenyewe, maana imesemwa mengi. Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya dawa ya Parke-Davis nchini Marekani. Kampuni ilitafuta mbadala wa fensiklidini, dawa ya usingizi iliyowaacha wagonjwa wakiweweseka kwa saa nyingi baada ya upasuaji. Mwaka 1964 daktari Edward Domino na wenzake waliijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Waliojitolea walikuwa wafungwa wa gereza moja huko Michigan, jambo ambalo leo lisingepita kirahisi mbele ya kamati ya maadili. Walioipata walisimulia kwamba walihisi wanaelea, mwili uko huku na wao wako kule.

Mwaka 1970 iliidhinishwa Marekani, ikatumika sana kwa majeruhi wa Vita vya Vietnam, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Thamani yake ni kwamba inamlaza mgonjwa na kumwondolea maumivu huku, kwa kawaida, akiendelea kupumua mwenyewe na shinikizo lake la damu likibaki juu. Ndiyo maana upasuaji unawezekana hata pale ambapo hakuna mashine ya kupumulia. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni dawa ya farasi, mjibu kwa upole kwamba madaktari wa mifugo wanaitumia kweli, na madaktari wa binadamu pia, kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa sonona. Hapa sizungumzii huzuni ya msiba au hasira ya kukosa kazi. Nazungumzia mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, saa nzima, kwa sababu kuinama kuvaa cha pili kumemshinda. Anakusikia unapomwita. Kujibu ndiko kunakomshinda. Ukimwambia ajikaze, unamwongezea aibu juu ya ugonjwa.

Tangu miaka ya 1950 dawa nyingi za sonona zimelenga kemikali za ubongo kama serotonini na noradrenalini. Dawa hizo zinasaidia watu wengi, na nisingependa mtu yeyote aondoke hapa akaziache za kwake. Ila zina kasoro mbili. Ya kwanza ni muda: huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na kwa mtu anayefikiria kujiua wiki kadhaa ni mbali mno. Ya pili ni kwamba haziwafikii wote. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa STAR*D, uliohusisha wagonjwa wapatao 4,000 na matokeo yake kutolewa mwaka 2006, ulionyesha kuwa takriban theluthi moja tu walipona kikamilifu kwa dawa ya kwanza. Aliyejaribu dawa mbili au zaidi, kwa dozi sahihi na muda wa kutosha, na bado hajainuka, ndiye tunayesema ana sonona sugu. Kwa huyo ndiko ketamini inakoingia.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2000, pale Robert Berman, John Krystal, Dennis Charney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale walipotoa matokeo ya jaribio dogo kabisa. Watu saba tu walilimaliza. Walipewa miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, taratibu, kwa dakika 40, na siku nyingine wakapewa maji ya chumvi bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya ketamini nafuu ilionekana ndani ya siku tatu. Kwa kuwa watu ni saba, wengi hawakushtuka. Mwaka 2006 Carlos Zarate na timu yake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani wakarudia kwa watu 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Ndani ya saa 24, asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Wakati huu dunia ya tiba ya akili iligeuza shingo.

Lakini naomba mnisikilize kwa makini, maana katika utafiti huo huo kuna namba ya pili ambayo matangazo huisahau. Baada ya wiki moja, waliokuwa bado na nafuu hiyo walikuwa asilimia 35. Yaani nusu ya walioinuka walikuwa wamerudi chini kabla ya wiki kwisha. Mfikirie mtu aliyekaa gizani miaka minane, akaonja siku tano za kuishi, kisha giza likarudi na hakuna aliyemwambia kwamba lingeweza kurudi. Atadhani hata hii imeshindwa, basi yeye ndiye asiyetibika. Hatari ninayoiogopa ipo hapo, na ni hatari tunayoweza kuizuia kwa maneno machache yaliyosemwa mapema.

Kwa nini dawa ifanye kazi haraka hivyo halafu ipotee? Jibu kamili bado linatafutwa, ila sehemu yake inafahamika. Ketamini inaziba vipokezi vinavyoitwa NMDA, ambavyo hupokea glutameti, kemikali kuu ya kuamsha seli za ubongo. Inaaminika kwamba huziba kwanza vipokezi vya seli zile ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Basi glutameti inafurika kwa muda, na mafuriko hayo yanazichochea seli kutoa protini za ukuaji. Mwaka 2010 Ronald Duman, George Aghajanian na wenzao wa Yale walionyesha katika ubongo wa panya kwamba miunganiko mipya kati ya seli inachipua ndani ya siku moja tu baada ya dozi moja. Msongo wa muda mrefu huipukutisha miunganiko hii, nayo ketamini inairudisha.

Utafiti mwingine wa panya, wa Conor Liston na wenzake, uliotoka mwaka 2019, ndio unaonigusa zaidi. Waliona kwamba tabia ya panya ilibadilika ndani ya saa tatu, lakini vichipukizi vipya vilikuja baadaye, kati ya saa 12 na 24. Walipoviondoa vichipukizi hivyo kwa makusudi, sehemu ya nafuu ilipotea. Maana yake, mnyanyuko wa kwanza una chanzo kimoja, na kudumu kwake kuna chanzo kingine. Panya si mtu, nakubali. Hata hivyo kwangu utafiti huu unaelekeza jicho mahali panapostahili: zile siku baada ya dripu, wakati ubongo unajijenga upya na bado haujakomaa.

Ngoja niwaingize chumbani, maana hofu nyingi hutokana na kutojua kinachofanyika humo. Mgonjwa anafika hajala kwa saa kadhaa. Tunampima shinikizo la damu, tunamuuliza dawa anazotumia, tunamuuliza kama kuna dawa za kulevya, tunamuuliza kuhusu moyo, ini na mkojo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa naomba mtu asifiche chochote. Hatuulizi ili tumhukumu. Kisha anawekewa kanula, mrija mdogo wa kwenye mshipa, mkononi na dawa inapitishwa kwa pampu, matone kwa matone. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 30 kwa dakika 40. Angekuwa anapelekwa chumba cha upasuaji angepewa kati ya 60 na 120 kwa takriban dakika moja. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya abaki macho.

Baada ya dakika chache midomo inafanya ganzi. Sauti ya pampu inasikika kama inatoka chumba cha jirani. Anautazama mkono wake juu ya blanketi na hauoni kama ni wake. Wapo wanaolia bila kujua wanalia nini, wapo wanaotabasamu, na wapo wanaoshikwa na hofu kali kwamba hawatarudi. Kwa hao, muuguzi anayewajua kwa jina na anayesema taratibu, "Nipo hapa, dawa inafanya kazi yake, itapita," ni sehemu ya tiba sawa na kilichomo kwenye dripu. Shinikizo la damu hupanda, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara. Kichefuchefu ni kawaida. Dripu ikiisha, hali ile ya kuelea hupungua upesi, na ndani ya saa mbili hivi wengi wamejirudia. Hakuna kuendesha gari siku hiyo hadi alale usiku na kuamka. Hakuna kusaini mikataba wala kufanya uamuzi mzito. Mtu wa nyumbani amchukue, na amchukue bila kumhoji njiani.

Kwa kawaida dripu haziwi moja. Kliniki nyingi hutoa takriban sita ndani ya wiki mbili au tatu, kisha nyingine za kushikilia nafuu kwa nafasi inayozidi kurefuka. Inasaidia kiasi gani? Mwaka 2023 utafiti uliochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine ulilinganisha ketamini na tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kidogo ubongoni mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ndiyo ngao ya mwisho ya sonona sugu. Baada ya wiki tatu, asilimia 55 ya waliopata ketamini walikuwa na nafuu kubwa, na asilimia 41 ya waliopata umeme, huku waliopata ketamini wakiwa na shida ndogo zaidi ya kumbukumbu. Lakini walioshiriki hawakuwa na saikosisi, yaani hali ya kupoteza mguso na uhalisia. Mgonjwa anayesikia sauti, au aliyeacha kabisa kula na kunywa, bado tiba ya umeme inaweza kumwokoa, na ninasikitika ninapoona familia zinaikataa kwa sababu ya walichokiona kwenye sinema.

Kuhusu mawazo ya kujiua, utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2022 ulichukua wagonjwa 156 waliolazwa kwa sababu hiyo. Karibu nusu walipewa dripu mbili za ketamini, waliobaki maji ya chumvi. Siku ya tatu, asilimia 63 ya kundi la ketamini hawakuwa tena na mawazo hayo, na katika kundi la pili asilimia 32 hivi. Kwa mtu ambaye usiku mmoja unaweza kuwa ndio wa mwisho, tofauti hiyo ni uhai. Baada ya wiki sita, pengo kati ya makundi hayo lilikuwa limepungua sana. Mnaona tena? Dawa inatununulia siku. Siku hizo tunazifanyia nini?

Kuna shaka moja ambayo mtu mwaminifu hawezi kuipita kimya. Katika majaribio ya ketamini ni vigumu kumficha mgonjwa alichopewa. Mwili ukianza kuelea, anajua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitafuta njia ya kulikwepa hilo: waliwapa watu 40 wenye sonona ketamini au maji ya chumvi wakiwa wamelazwa kwa nusu kaputi kwa ajili ya upasuaji mwingine. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na hapakuwa na tofauti kati yao. Wapo waliosema basi dawa hii ni matumaini matupu. Mimi sikubali kwenda umbali huo. Dawa za nusu kaputi zenyewe zinaugusa ubongo, na watu walikuwa wachache. Lakini matokeo hayo yalinifundisha kuheshimu kile ambacho mgonjwa anaingia nacho chumbani: matarajio yake, kuangaliwa, kuulizwa hali yake na mtu anayesubiri jibu. Kama sehemu ya nafuu inatoka huko, basi anayemwekea mgonjwa dripu na kumwacha peke yake anamnyima sehemu ya tiba aliyoilipia.

Kuhusu magonjwa mengine nitakuwa mfupi kwa sababu ushahidi wenyewe ni mfupi. Kwa kiwewe, utafiti wa Adriana Feder na wenzake wa mwaka 2014 wenye watu 41 ulitia moyo. Kisha mwaka 2022 utafiti mkubwa zaidi wa maaskari na wastaafu wa jeshi la Marekani, watu 158, haukuona faida ya wazi kwa dalili za kiwewe. Kwa mawazo na matendo ya kujirudiarudia kuna jaribio dogo la mwaka 2013 la watu 15. Kwa awamu ya sonona ya ugonjwa wa baipola yapo majaribio yenye matumaini, chini ya uangalizi wa karibu na mgonjwa akiwa anatumia dawa za kutuliza hisia. Mtu akikuuzia ketamini kama tiba ya kila kitu, kuanzia wasiwasi hadi kukosa usingizi, ondoka.

Na kuuza kupo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha tarehe 5 Machi 2019 dawa ya kupuliza puani iitwayo Spravato, ambayo ni esketamini, moja ya maumbo mawili ya molekuli ya ketamini yanayofanana kama kitu na taswira yake kiooni. Iliidhinishwa kwa sonona sugu, kwa sharti kwamba mgonjwa aipate kituoni, aangaliwe angalau saa mbili na asiibebe kwenda nyumbani. Ketamini ya dripu haijapata idhini ya FDA kwa ugonjwa wowote wa akili. Daktari anaitumia kwa hukumu yake ya kitabibu, jambo linaloruhusiwa, ila linamtwika wajibu mzito. Oktoba 2023 mamlaka hiyo hiyo ilionya dhidi ya ketamini inayochanganywa na kutumiwa nyumbani bila mtu wa kumwangalia mgonjwa. Mwezi huo huo mwigizaji Matthew Perry alifariki, na wachunguzi wakataja athari za ketamini kuwa chanzo kikuu cha kifo. Alikuwa akipata tiba ya dripu, lakini dripu yake ya mwisho iliyojulikana ilikuwa zaidi ya wiki moja nyuma. Dawa iliyokutwa mwilini haikutoka huko. Namtaja kwa heshima, kwa sababu kifo chake kinaonyesha mahali ambapo njia mbili zinaachana: dawa ile ile chumbani penye muuguzi na mashine, na dawa ile ile mtu akiwa peke yake.

Anayeitumia ovyo na kwa wingi anaweza kuwa mraibu, na kibofu chake kinaweza kuharibika vibaya: kukojoa kila dakika chache, kwa maumivu na damu. Kwa dozi ndogo za kliniki madhara hayo si ya kawaida, lakini anayepata dripu kwa miezi mingi lazima aulizwe kuhusu mkojo wake kila anapokuja. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye saikosisi, mjamzito, na aliyewahi kuitumia vibaya ketamini, hao wanahitaji mazungumzo marefu na daktari, na mara nyingi jibu litakuwa hapana.

Sasa naomba nizungumze na familia moja kwa moja. Kabla dripu ya kwanza haijawekwa, kaeni na daktari na mumuulize mambo haya. Nani atampigia mgonjwa simu kesho yake na siku ya tatu? Dawa zake za kila siku zinaendelea au zinabadilishwa, na nani anasimamia? Tiba ya mazungumzo inaanza lini? Isiwe baada ya mwezi. Iwe wiki hiyo hiyo, wakati ameweza kufikiri na kusema, wakati hata kutembea asubuhi au kula mezani na wengine kumerudi kuwa jambo linalowezekana. Nafuu ikishuka, tunafanya nini, na tunampigia nani usiku? Kliniki isiyo na majibu ya maswali haya, hata kama viti vyake ni vya ngozi na muziki wake ni mtamu, haijawa tayari kumpokea ndugu yenu.

Na nyumbani, msimwekee sherehe siku ya pili. Najua mtakavyofurahi akiinuka na kuuliza chakula kiko wapi. Furahini, ila msimrundikie madeni ya miezi yote aliyokuwa hoi: simu ambazo hakupokea, kazi aliyoiacha, harusi ambayo hakuhudhuria. Mpeni jambo dogo moja kwa siku. Mwambieni mapema, na mrudie kumwambia, kwamba hali inaweza kushuka na kwamba ikishuka haina maana kwamba ameshindwa wala kwamba tiba imekwisha. Ina maana tunarudi kwa daktari kurekebisha. Akisema amerudi kule, hata kwa nusu sentensi, hata akiwa anacheka, msisubiri tarehe ya miadi. Pigeni simu siku hiyo hiyo. Akitaja kufa, mmoja wenu akae naye chumba kimoja, vitu vya hatari viondolewe, na mumpeleke hospitali usiku huo huo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa napokea maswali, na ningependa tuanze na wale waliokaa nyuma na mgonjwa wao.